Maji Kabla ya Mpira

Ilongo, karibu na Igawa
6 Aprili 1975

Faustin,

Wewe ni mtu wa namna gani? Krismasi ulipita hapa, nimeambiwa na watu wenye macho. Ulishuka kwenye lori la saruji, ukavuka barabara, ukaenda moja kwa moja kwa Nyamizi. Ukakaa kwenye kigoda chake, ukanywa maziwa yake ya mgando vikombe viwili, ukapanda lori jingine ukarudi Iringa. Kutoka mlango wa Nyamizi mpaka mlango wangu ni nyumba sita. Operesheni imetupanga kwenye mstari kama meno, hakuna kona ya kumpoteza mtu. Miguu inayokimbiza mpira kutwa nzima ilishindwa nyumba sita?

Usiniambie lori lilikuwa linaondoka. Maziwa vikombe viwili hayanywewi na mtu mwenye haraka.

Wewe ni mume wangu, na mimi ndiye mke mkubwa. Nyamizi amemzaa mama yako, sikatai, na mkwe wangu Mbuke ni mtu mwema. Lakini baba yako Didas nimemzaa mimi, na udongo ulioangukia siku ya kuzaliwa kwako ni wa kwetu. Nyamizi alikuja hapa na ng'ombe na vumbi lake kutoka huko Usukumani, akatukuta. Hilo ulijue ukiwa unalamba mgando.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Kisomo cha watu wazima kimenifikisha hapa. Mwalimu Marta ananiandikia "jitahidi", na Nyamizi anamwandikia "vizuri sana", kwa sababu Nyamizi anamletea maziwa. Mimi sina ng'ombe wa kumpa mwalimu.

Sasa neno lenyewe. Wanatengeneza uwanja wa mpira. Wamezunguka kijiji kizima, wameona mahali palipo tambarare na pasipo visiki ni mahame yetu kule upande wa mto, pale tulipokaa mimi na babu yako Marcelino kabla serikali haijatuleta barabarani. Ni tambarare kwa sababu tulipafagia miaka arobaini. Goli la upande wa mto limesimama penye nyumba yangu. Na nyuma ya nyumba yangu, wewe hujui kwa sababu hakuna aliyekwambia, amelala shangazi yako, mtoto wangu wa tatu. Alikuwa na miaka minne. Kipa atakuwa anarukaruka juu yake.

Kwenye mkutano nikasimama. Nikasema, mchezeni mpira wenu, lakini kabla ya mpira wenye ardhi wasalimiwe. Mtu wa pale achukue maji ya unga wa ulezi, ayapulize chini, awataje waliolala pale majina yao, ndipo mgeni aingie. Hivyo ndivyo tulivyompokea kila mtu aliyefika hapa, na Nyamizi akiwemo.

Mwenyekiti Jailos akasimama na kalamu yake mfukoni. "Mama, hapa hakuna mwenyeji wala mgeni. Sisi sote ni ndugu. Ukianza kuwasalimu wenye ardhi, unatugawa."

Nikamwambia, "Jailos, wewe umekuja mwaka jana kutoka Njombe na godoro lako kichwani. Wa kusema hakuna mwenyeji ni wewe, maana mwenyeji si wewe."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Nasikia timu yenu ya walimu ndiyo inayokuja kufungua uwanja siku ya Sabasaba, na ratiba unaiandika wewe. Basi mwandikie Jailos, kalamu kwa kalamu, aelewe. Kusalimia nitasalimia mimi. Si mtu mwingine.

Ni mimi bibi yako,
Rozalia


Iringa
20 Aprili 1975

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika, na kila mstari umenichapa mahali pake. Krismasi nilikosa, naomba unisamehe. Ni kweli maziwa yalikuwa vikombe viwili.

Habari za shangazi nimezipokea kwa uchungu. Baba hajawahi kulitamka jambo hilo. Hukuniandikia jina lake, bibi. Alikuwa anaitwa nani?

Nimemwandikia Ndugu Jailos. Nilimweleza kwamba kuwataja waliotutangulia hakumvunji mtu yeyote, na kwamba umoja hauwezi kuogopa salamu. Amekubali, bibi! Saa tisa kamili timu zitajipanga, wimbo wa taifa utaimbwa, halafu mzee mmoja wa kijiji atatoa salamu za wenye ardhi. Amepewa dakika mbili. Halafu filimbi. Kwa uwanja wa kijiji hili ni jambo jipya kabisa, na mimi naona fahari.

Ila kuna kitu kimoja nataka tuelewane. Nilipowasomea wenzangu ratiba, kipa wetu Lutengano, mwalimu wa hesabu, mtu wa Rungwe, aliweka chaki chini. Akaniuliza, "Bibi wa wapinzani atamwaga maji kwenye goli langu kabla ya mechi, na mimi nisimame hapo?" Wengine wote wakamuunga mkono. Huku timu ikiona kitu kimenyunyizwa uwanjani haiingii, wanajua ni dawa. Mwaka jana tulikaa nje ya mstari saa nzima kwa sababu ya yai lililokutwa penye kona.

Mimi najua si dawa. Lakini siwezi kuwabeba watu kumi mgongoni. Je, salamu haiwezi kutolewa kwa maneno matupu, bila maji? Maneno ndiyo yenye heshima, nadhani. Fikiria, mke wangu mkubwa.

Mjukuu wako,
Faustin


Ilongo
4 Mei 1975

Faustin,

Nimefikiria. Hapana.

Mtu akija kwako ametembea toka asubuhi, unamwambia "karibu, karibu sana, tumefurahi", halafu humpi hata maji ya kunywa. Huyo umemkaribisha? Umemsemesha tu. Na hawa waliolala chini nao ni hivyohivyo. Huwezi kuwaamsha kwa jina halafu ukawaacha na koo kavu juani mbele ya watu mia tatu. Heri uwaache wamelala.

Dakika mbili! Mimi nilikaa pale miaka arobaini. Nani aligawa, akaona zinatosha mbili? Wewe au Jailos? Wimbo wa taifa una dakika ngapi? Sisemi uwe mfupi, nauliza tu.

Nakuona wewe umeshafurahi. Umepata kitu kizuri cha kuandika kwenye ratiba, wageni wataona, watasema lo, kijiji hiki kina adabu. Halafu goli litabaki palepale. Nilimwomba Jailos asogeze goli hatua kumi, akasema limeshapimwa kwa futi. Kwa hiyo mtanisalimia ili muendelee kukanyaga. Hiyo ndiyo heshima ya kusoma?

Mwambie huyo Lutengano wako dawa sina. Ningekuwa na dawa ningeanza na Nyamizi.

Maana huyo naye haniachi. Jana kwenye kisomo amesoma ukurasa mzima wa kilimo cha pamba bila kusimama, halafu akanigeukia, "Umeelewa, dada?" Nimeelewa! Pamba nimelima kabla yeye hajaiona ng'ambo hii ya mlima. Halafu akasema, "Mume wetu ameniandikia, anasema atakuja Sabasaba." Mume wetu. Kumbe unamwandikia na yeye. Barua yake ina kurasa ngapi? Yangu ilikuwa moja na nusu, nimehesabu.

Umeniuliza jina la shangazi yako. Jina hilo silitaji. Tangu siku tuliyomfukia sijalitaja. Babu yako ndiye aliyekuwa akilitaja wakati wa kusalimia, la mwisho kabisa, na mimi nilikuwa naingia ndani. Sasa babu yako hayupo. Kama kuna kinywa cha kulitaja kwenye uwanja wenu ni hiki changu, na nitalitaja na maji mdomoni, nisiposhindwa.

Sasa umeelewa kwa nini siwezi kusema maneno matupu.

Rozalia


Iringa
25 Mei 1975

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kuchelewa, tuna mitihani. Nakutumia kwa dereva wa lori sabuni mbili za mche na kitenge, kile cha maua mekundu. Kuhusu Sabasaba usiwe na wasiwasi, kamati ya kijiji inashughulikia na itaamua kwa hekima. La msingi ni kwamba waliolala pale watatajwa. Nani anawataja si jambo kubwa kuliko wao wenyewe.

Barua ya bibi Nyamizi ilikuwa ukurasa mmoja. Nakuapia.

Faustin


Ilongo
15 Juni 1975

Kwa Ndugu Faustin, mwalimu wa Iringa,

Leo sikuiti mume.

Jana nimepita ofisi ya kijiji kupeleka mahindi ya shamba la pamoja. Mlangoni wamebandika karatasi. Watu wengine wanapita tu, lakini mimi siku hizi nikiona karatasi nasimama. Nimesoma neno kwa neno, kidole chini, jua linanipiga kisogoni. "Saa 9.10. Salamu za wenye ardhi, kwa maneno, bila maji. Mtoa salamu: Mama Nyamizi, kwa pendekezo la Ndugu Faustin."

Nikarudia. Nilidhani nimesoma vibaya, maana mimi ni wa "jitahidi". Nikamwita Mwalimu Marta anisomee. Akasoma hivyohivyo, halafu akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniua.

"Nani anawataja si jambo kubwa." Ulikuwa umeshamtaja!

Umemchukua mgeni ukampa awasalimie wenye nyumba kwa niaba ya wenye nyumba, na mwenye nyumba yupo, ana meno yake mengi tu. Kwa nini? Kwa sababu Nyamizi hana shida. Ukimwambia simama anasimama, ukimwambia bila maji anasema sawa baba. Anachekacheka, ana sauti nzuri, shanga zinaonekana vizuri kwenye picha. Mnataka wenye ardhi wasiosumbua. Basi mmempata, kwa bahati mbaya siye mwenye ardhi.

Na maziwa yake unayapenda.

Leo asubuhi amekuja kwangu, amejifunga vizuri, amekaa chini kwa adabu. "Dada, wamenipa kazi ambayo sikuiomba. Nisaidie majina." Sura imetulia kama maji ya mtungini. Nikamwangalia ule mdomo, nikawaza, jina la mtoto wangu ndilo litakalotoka humu? Huyu ana watoto saba wazima na wajukuu mpaka Mbalizi. Ana ng'ombe, ana "vizuri sana", ana mume wangu mdogo wa Iringa. Na hili nalo nimpe?

Nikampa majina. Nikamwambia, andika: Kahima, Mafuta na Lubala. Ameandika kwenye daftari la kisomo, kwa mwandiko wake mzuri.

Kahima, Mafuta na Lubala ni maksai wa babu yako. Ndio waliolima lile bonde mpaka mwaka wa uhuru. Mafuta alikuwa na tabia ya kulala katikati ya mtaro.

Siku ya Sabasaba mke wako mdogo atasimama mbele ya mkuu wa tarafa na watu mia tatu awasalimie ng'ombe. Wazee wa hapa wanawakumbuka maksai wale kwa majina. Nitakaa mbele kabisa na kitenge chako cha maua mekundu.

Ukimwambia, usinijue tena.

Rozalia, binti wa pale


Iringa
28 Juni 1975

Bibi,

Shikamoo, hata kama hutaipokea.

Nimekosa. Nilijua bila maji hutakubali, na nilijua na maji timu haitaingia, kwa hiyo nikatafuta mtu wa kunirahisishia. Halafu nikakuficha, na nikakuletea sabuni. Unayoyasema yote ni kweli, isipokuwa ya picha, maana mpiga picha hatuna.

Siji Sabasaba. Nimewaambia wenzangu goti linauma, lakini si goti. Siwezi kukuangalia usoni.

Sijamwambia bibi Nyamizi. Ila nakuomba, mwendee wewe kabla ya siku ile. Nyumba sita tu, bibi. Asije akaaibika mbele ya watu kwa kosa langu.

Faustin


Ilongo
10 Julai 1975

Mjukuu wangu Faustin,

Mimi Nyamizi nakusalimu sana. Timu yenu imekuja bila wewe na imefungwa tatu bila. Walitafuta goti lako kila mahali.

Najua una hofu, kwa hiyo nakueleza upesi. Sikuwataja ng'ombe.

Rozalia ana akili nyingi, lakini siku ile wivu ulimfunga macho. Amenipa mimi, mtoto wa Kisukuma, majina ya maksai, akadhani sitawajua! Mimi uso wa mtu naweza kuusahau, ng'ombe simsahau. Lubala nilimtibu kwato mwenyewe mwaka ule wa mvua nyingi, na mikono yangu ilinuka wiki nzima. Nilipoandika "Mafuta" kwenye daftari nilijiuma ulimi nisicheke. Nikamwangalia, nikaona anatetemeka. Mtu hatetemeki hivyo kwa sababu ya mpira. Nikasema asante dada, nikaondoka.

Na majina ya kweli nilikuwa nayo. Siku tuliyofika hapa na marehemu mume wangu Shija, mwaka hamsini na mbili, ng'ombe wamechoka, mama yako akiwa msichana, babu yako Marcelino alitusimamisha nje ya boma. Akapuliza maji, akataja: Mwavika, Sambala, Kitalima, na jina moja la mwisho kwa sauti ndogo. Kisha akatupa kibuyu tukanywa wote. Nilikuwa nimelia njia nzima toka kwetu, siku ile nikanyamaza. Jailos anaposema hakuna mgeni anadhani ananipa heshima. Lakini mimi nilikuwa mgeni, na nilipokelewa. Akinifutia ugeni wangu ananifutia na mapokezi. Nibaki na nini?

Lakini na wewe nikwambie, isikuume. Kuitwa mgeni kila mwaka mbele ya watu, na mimi nimezika mume hapa, inachoma. Rozalia hilo halijui. Nitamwambia siku nyingine, tukiwa tumeshiba.

Basi saa ya salamu ilipofika, nikasimama katikati ya uwanja. Rozalia amekaa mbele, kitenge kimewaka kama moto. Nikasema, "Mwavika. Sambala. Kitalima." Nikamwona anainua kichwa. Nikasema, "Marcelino, aliyenipa maji." Halafu nikanyamaza. Dakika mbili zikapita. Jailos akaonyesha saa. Nikasema kwa sauti, "Bado jina moja. Hilo si la kinywa changu. Mwenye nalo yuko hapa, na sisi sote tutamngoja."

Yaliyofuata akueleze mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeangalia chini.

Bibi yako mdogo,
Nyamizi


Ilongo
13 Julai 1975

Faustin, mume wangu,

Najua Nyamizi ameshakuandikia, nimemwona akipeleka bahasha barabarani, nene. Hii ya kwangu nimeingoja siku tatu.

Alipotaja Mwavika niliinua kichwa. Nikajua amejua. Watu wale wote, wazee wanaowakumbuka maksai, angeweza kusema tu "Rozalia amenipa majina haya", wakacheka mpaka mwakani. Hakusema. Amenifunika. Mke mwenza akikufunika mbele ya watu inauma kuliko akikuvua nguo, kwa sababu huwezi hata kumtukana.

Halafu akanyamaza. Jua, na mbuzi mmoja analia kule mtoni. Jailos akasema, "Mama Nyamizi, muda umekwisha." Nyamizi alisimama tu na shanga zake.

Kibuyu nilikuwa nacho. Sikukwambia. Nilikuwa nimekifunga chini ya kitenge chako toka asubuhi, maji na unga wa ulezi. Sijui nilikibeba kwa ajili gani, maana nilikwenda kucheka. Nikainuka. Magoti yalilia, watu wakasikia. Sikwenda katikati, nilikwenda golini. Lutengano wako akaanza kurudi nyuma, "Hapana, bibi, hapana, hiyo dawa." Nikamwambia, "Mwanangu, unaposimama hapo ndipo alipolala mtoto wangu. Ana miaka minne. Nataka kumpa maji."

Yule kijana akavua kofia.

Nikapuliza. Nikajaribu kulitaja, halikutoka. Nikapuliza tena. Nikahisi mtu nyuma yangu, ni Nyamizi, hakunigusa, amesimama tu akinizibia watu wasinione uso. Ndipo likatoka.

Lea.

Anaitwa Lea, Faustin. Aliogopa kuku. Alikuwa akimwona jogoo, anakuja kunishika mguu hivi, mikono miwili. Surua ilimchukua mwaka ule wa nzige, na Didas, baba yako, alikuwa bado mgongoni. Sasa umeniuliza nimekujibu, na nimeliandika mwenyewe, herufi tatu, hata Marta hakunisaidia.

Kibuyu kilikuwa na maji yamebaki. Nikampa Lutengano nikamwambia, kunywa, kama ni dawa tufe wote. Akaniangalia, akanywa. Wengine wakaja mmoja mmoja, mpaka Jailos. Yeye alikunywa kidogo sana, kama mtu anayeonja chumvi. Halafu akaita vijana wakang'oa milingoti, wakasogeza goli hatua tisa. Nilisema kumi. Ameniambia ni mwaka huu tu, kamati itakaa. Acha ikae. Mimi nami nitakaa, mlangoni kwao.

Uwanja sasa ni mfupi. Walimu wako wamefungwa tatu, wanasema ni kwa sababu ya ufupi. Juu ya maji hawakusema neno, maana walikunywa.

Jioni yake nimekwenda kwa Nyamizi. Nyumba sita. Nikamwambia, "Lubala ulimtibu kwato gani?" Akasema, "Ya nyuma, kushoto." Ni kweli. Tukacheka mpaka Mbuke akatoka jikoni kuangalia kama tuna homa. Mgando wake nimeunywa. Ni mzuri, nimekuelewa kidogo. Usimwambie.

Usidhani wivu umekwisha. Bahasha yake ilikuwa nene na mimi hukuniandikia tangu Juni. Na kusamehewa bado hujasamehewa, mpaka nikuone.

Kwa hiyo sikiliza. Shule ikifunga Desemba, panda lori, shuka Igawa. Usipite barabarani kwenye nyumba. Pita chini, kando ya mto, mpaka uwanjani, penye goli la zamani ambapo majani yameanza kuota. Vua viatu. Mwambie Lea jina lako, kwa sauti, yeye hakujui. Halafu panda kwangu, kwangu kwanza, maji yatakuwa tayari. Kwa Nyamizi usihangaike kwenda, siku hiyo nitamwita aje na maziwa yake, akukute umeshakaa kwenye kigoda changu.

Bibi yako mkubwa,
Rozalia